Yule Asiyesafiri

Habaryar Qali, mdogo wake mama yangu, alikuwa na ufunguo ambao kwa miaka minne haukutoka mwilini mwake. Aliufunga kwenye ncha ya garbasaar, ule mtandio mkubwa wa mabegani, na kila alipoinama kumimina chai uligonga bilauri. Ulikuwa ufunguo wa kufuli la bweni la wasichana, katika chuo cha ualimu alichofundisha hapa Garissa. Saa kumi na mbili jioni alifunga. Alfajiri, akishamaliza kusali, alifungua. Nyumba yetu ya walimu ilikuwa hatua hamsini kutoka mlango ule, na kati ya kufunga na kufungua hakuwahi kukanyaga hatua ya hamsini na moja.

Wasichana wa bara, waliotoka Kitui na Meru, walimtania.

"Madam, hii ni chuo ama ni jela?"

"Jela uji wao ni mbaya zaidi," aliwajibu. "Ingieni."

Walicheka, wakaingia, kufuli likabana. Lakini nilizoea kumtazama akirudi. Uso wake haukuwa wa mtu aliyetoka kufungia wengine.

Hakuna aliyemlazimisha. Ni mdomo wake tu.

Mwaka wa tisini bweni hilo lilikuwa tupu, linalaliwa na popo. Chuo kilimpa Land Rover na dereva, akaambiwa nenda Wajir, nenda Mandera, katafute wasichana waliomaliza kidato cha nne na wamekaa tu kwa baba zao. Alitumwa yeye kwa sababu ni binti wa Eldas, lugha ni yake, na hakuwa na mume wa kumuuliza unakwenda wapi. Huko Eldas walimtandikia mkeka, wakampa maziwa ya ngamia, wakamsikiliza mpaka akamaliza. Ndipo mzee mmoja akauliza.

"Mahali wanapolala, mlango anafunga nani?"

"Mimi," Habaryar akasema.

"Si askari?"

"Askari ni mwanamume. Nitafunga mwenyewe."

"Na ukisafiri?"

"Sisafiri."

Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alilisema neno hilo kama mtu anavyosema haye, yaani sawa, ili mazungumzo yaendelee. Lakini kwetu, neno ukilisema juu ya mkeka, maziwa yamenywewa na wazee wamesikia, linakuwa amana. Wasichana tisa walipanda Land Rover ile. Neno nalo likatembea na mifugo, kisima hadi kisima, likafika Kutulo, likateremka hadi Kotile, na mwaka uliofuata akina baba waliokuja na binti zao hawakuuliza chuo kinafundisha nini. Waliuliza pale langoni, "Yuko wapi yule asiyesafiri?"

Mama yangu alipofariki Eldas, mwaka wa tisini na mbili, Habaryar hakuja kuzika. Baada ya matanga nililetwa mimi kwake na lori, nikiwa nimeacha shule darasa la nne. Nilikuwa na hasira naye. Hakunieleza kitu. Jioni ya kwanza alinishika mkono, tukaenda pamoja kufunga mlango, akalivuta kufuli mara mbili kuona kama limeshika, tukarudi. Nikaelewa.

Pale chuoni yeye alikuwa kaimu mkuu wa wanafunzi. Kaimu, miaka minne. Ili awe mkuu kamili ilibidi apite kozi ya uongozi ya wafanyakazi wa vyuo, wiki sita, Nairobi. Barua ya kumwita ilikuja mara mbili, na mara mbili alijibu kwamba ni mgonjwa. Ya tatu ilikuja Septemba ya tisini na nne. Mkuu wa chuo, Mwalimu Silas, aliileta mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kiti cha plastiki, kofia magotini.

"Madam, mara hii usiniambie malaria," alisema. "Wameandika hapa. Asiyepita kozi kufikia Disemba, nafasi anapewa mwingine. Watatuletea mtu asiyejua hapa mtoto wa nani ni yupi."

"Nimesoma, Mwalimu."

"Sasa unataka kwenda ama hutaki?"

Habaryar aliitazama ile barua. Jibu nilikuwa nalijua. Ile orodha ya masomo ya kozi, iliyokuja na barua ya kwanza, alikuwa ameikunja ndani ya kitabu chake cha dua, na mikunjo ilikuwa imeanza kutoboka. Kuongoza kikao. Kutatua migogoro. Kukabidhi madaraka. Mchana, wanafunzi wakiwa madarasani na yeye hana somo, alituketisha mezani, mimi na Mwalimu Mirriam wa nyumba ya pili, na masufuria mawili kama wajumbe, akaongoza kikao. Mirriam alikuwa mkufunzi wa hesabu kutoka Kitui, mnene, mwenye kicheko, mwanamke wa pili na wa mwisho kati ya walimu.

"Ajenda ya kwanza, maji ya bwenini," Habaryar alisema. "Sufuria kubwa, una maoni gani?"

Mirriam alimjibia sufuria kwa sauti nene. "Mwenyekiti, mimi nimeungua. Naomba nisuguliwe kwanza."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kicheko kilipokwisha Habaryar alisema polepole, "Hii kazi ningeiweza, Mirriam. Nikifundishwa kidogo tu."

Sasa Mwalimu Silas alikuwa anangoja.

"Nataka," alimwambia.

"Basi nenda! Funguo mpe mtu."

Kwake ilikuwa hivyo tu, funguo mpe mtu. Lakini amana huikabidhi kwa mwingine mpaka mwenyewe akuruhusu, na wenyewe walikuwa baba ishirini na watatu, waliotawanyika na mifugo yao kiangazi kile. Mirriam alikuwa tayari. "Nipe mimi," alisema. "Mimi silali. Mbu wa Garissa hawajanipa ruhusa tangu nije." Kilichobaki ni kuwauliza wale baba mmoja mmoja. Na njia ilikuwa moja, taar.

Chumba cha taar kilikuwa nyuma ya soko. Redio ya upepo, betri ya lori, waya umepandishwa juu ya mgunga, na Abdiwahab mwenye redio, aliyejua habari za watu wote na hakuzificha. Ukimtaka mtu wa Kutulo, unaita Kutulo, mwenye redio wa huko anamtuma mtu amtafute, na wewe unarudi kesho saa hiyo hiyo. Na kila mwenye redio kama hiyo, kutoka Mandera hadi hapa, anasikia. Tulikwenda siku nne mfululizo, asubuhi na alasiri, tukirudi kabla ya kumi na mbili.

"Eldas, Eldas, hapa Garissa," Abdiwahab aliita kwa Kisomali. "Niko na yule asiyesafiri. Anataka kusafiri. Ova."

Habaryar alimkata jicho. Redio ikakwaruza, sauti ya mzee ikatoka kama inatoka ndani ya mtungi.

"Huyo mwanamke utakayemwachia, anasali?"

"Anasali dini yao. Ova," Habaryar akajibu.

"Anamuogopa Mungu?"

"Kuliko wewe, mzee. Ova."

Kule Eldas walicheka, tulisikia ni watu wengi. "Basi nimeridhia. Mwambie binti yangu yule mbuzi wake mweusi amezaa mapacha."

Mara sauti nyingine ikaingia, haijaitwa na mtu. "Dada, nenda zako! Hata ngamia hufunguliwa kamba akanywe maji!"

"Nani huyo?" Abdiwahab alifoka.

"Mwenye redio yake," sauti ikajibu, ikapotea.

Habaryar alicheka, mtandio umemfunika mdomo. Siku hizo nne alitembea sokoni kama mtu aliyepungua uzito. Alinunua viatu. Aliuliza Nairobi mwezi wa kumi kuna baridi kiasi gani. Kufikia Alhamisi asubuhi baba ishirini na wawili walikuwa wameridhia, na alibaki mmoja, Olow wa Kutulo.

Binti yake Olow aliitwa Fowsiya, mwaka wa pili, mrefu, mkali wa hesabu. Mirriam alisema msichana huyo akiachwa tu atamfundisha yeye. Siku ya kumleta, Olow alikaa mkekani na Habaryar, wakanywa maziwa pamoja. Olow alipopatikana alasiri, alianza kwa salamu, wala hakuzifupisha. Aliuliza afya, akauliza mvua, akauliza kama Tana imejaa. Habaryar alijibu zote. Kisha akaomba.

"Wiki sita tu, Olow. Atafunga Mwalimu Mirriam. Ni mtu mwema, chuo kinamwamini. Ova."

"Chuo sikijui," Olow akasema. Sauti yake ilikuwa ya taratibu. "Sikukaa mkeka mmoja na chuo. Mtoto nilikupa wewe."

"Na nitarudi. Ova."

"Sikukatazi, Qali. Wewe ni mtu huru. Lakini ukisafiri, namrudisha Fowsiya nyumbani, kuna watu wamemuulizia. Kaka yake Bulle anafika huko na lori. Jumamosi atapita kwako akuulize. Neno lako likiisha, na langu limeisha. Sina ugomvi na wewe. Ova."

Angemtukana ingekuwa rahisi. Abdiwahab alipunguza sauti ya redio.

Ndivyo kozi na Fowsiya walivyowekwa kwenye mizani moja. Na Habaryar alijua "nyumbani" maana yake nini. Mwaka wa tisini na mbili msichana mmoja, Jawahir, alichukuliwa katikati ya muhula kwa arusi ya dada yake, wiki mbili. Blanketi lake lilikaa kitandani mwaka mzima kabla halijaondolewa.

Mwalimu Silas alikasirika aliposikia. "Fowsiya ni mtu mzima, ana kipande chake cha kitambulisho. Hakuna wa kumchukua kwa nguvu. Sheria iko na wewe, Madam."

"Sheria haikunywa maziwa ya baba yake," Habaryar alisema.

Fowsiya mwenyewe alikuja nyumbani kwetu Ijumaa, hakubisha hodi vizuri. Alisimama mlangoni.

"Nenda, Madam. Mwache anichukue. Nitarudi."

"Jawahir alisema hivyo hivyo."

"Mimi si Jawahir!"

"Najua."

"Sasa utakaa humu kwa sababu yangu mpaka uzeeke? Sitaki kuwa kamba yako, Madam. Wallahi sitaki."

Habaryar alikuwa anakunja nguo. Hakuziacha. "Una mtihani wa mwisho mwakani," akamwambia. "Kasome."

Fowsiya aliondoka akilia kwa hasira. Habaryar aliendelea kupanga begi. Magauni mawili ya dira, sweta, viatu vipya, madaftari matatu, ile orodha ya masomo. Akafunga zipu. Nilidhani ameshaamua kwenda. Nadhani hata yeye alidhani hivyo.

Jumamosi asubuhi mabasi ya Nairobi yalikuwa yamejipanga, yanangoja gari la polisi, maana siku hizo hakuna basi lililotoka peke yake, kwa ajili ya shifta, wale majambazi wa njiani. Habaryar alikaa dirishani. Ufunguo alikuwa ameshaufungua akampa Mirriam, na ncha ya garbasaar ilibaki imejikunja vilevile. Mirriam alikuwa amesimama chini nami, leso kiunoni, slipa miguuni, alivyotoka nyumbani.

Bulle alikuja kwa miguu kutoka upande wa soko. Kijana mrefu, vumbi la njia bado liko kwenye nyusi. Alisimama chini ya dirisha, mkono kifuani.

"Assalamu alaikum, Eedo," akamwita, yaani shangazi.

"Wa alaikum salaam, Bulle. Njia ilikuwaje?"

"Mbaya. Tulikwama mchangani karibu na Habaswein."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana." Akatazama chini. "Eedo, baba alisema nikuulize tu. Unasafiri?"

Gari la polisi lilifika, likapiga honi. Abiria waliokuwa wanakunywa chai walimwaga mabaki wakakimbilia mlangoni. Habaryar alikuwa ameshika chuma cha kiti cha mbele yake. Macho yake hayakuwa kwa Bulle. Aliangalia mbele, kupitia kioo cha dereva, kule ambako barabara inateremka kwenda darajani. Daraja lile hakuwa amelivuka miaka minne.

"Una haraka?" alimuuliza.

"Hapana, Eedo. Ni jibu lako tu."

Polisi wakapiga honi mara ya pili. Dereva akawasha. Basi zima likatetemeka.

"Sisafiri," Habaryar akasema.

Alisimama, akapita katikati ya watu, akashuka. Bulle aliinamisha kichwa, akaondoka upesi. Nadhani naye hakutaka kumchukua dada yake.

"Nipe," Habaryar alimwambia Mirriam, mkono ameunyoosha. "Panda wewe."

"Umepata wazimu? Barua ina jina lako!"

"Mwalimu Silas atapiga simu. Kiti ni cha chuo. Kikikaa bure hawatatuita tena. Panda."

"Qali, nimevaa slipa!"

"Begi lina viatu."

"Viatu vyako ni vya mtoto! Na hizo dira nitazivaaje mimi, niingize mkono mmoja?"

"Wamama!" konda alipiga bati la basi. "Mmoja apande mmoja abaki, polisi wanatuacha!"

Mirriam alipanda akilia, leso kiunoni, begi la mwenziwe kifuani. Basi liliondoka. Tulirudi kwa miguu, ufunguo ukiwa kiganjani mwa Habaryar. Karibu na lango aliniuliza kama nilizima jiko. Nilisema nilizima.

Mirriam alirudi baada ya wiki sita na cheti, faili nene na dira mbili ambazo hazikuvaliwa. Januari barua ya mkuu wa wanafunzi ilikuja ina jina lake. Aliileta kwetu hajaikunja, akaiweka mezani kama kitu kilichooza.

"Niambie nikatae."

"Ukikataa wataleta mtu," Habaryar akasema. "Kaa. Sasa wewe ni mkubwa wangu. Chai au maziwa?"

Mchana, kama zamani, walikaa mezani, na Mirriam akamsomea ile faili ukurasa kwa ukurasa, ili na yeye ajifunze. Habaryar aliandika kila kitu. Siku moja walifika somo la kukabidhi madaraka.

"Mkufunzi wetu alisema," Mirriam akasoma, "kiongozi asiyeweza kuondoka hata siku moja hajaongoza bado, amebeba tu."

Habaryar aliinua kalamu. "Yeye alikuwa amepewa watoto wa nani?"

Mirriam alifunga faili. Siku hiyo hawakuendelea.

Lakini maneno yale yalimkaa. Fowsiya alipomaliza, mwaka wa tisini na tano, Habaryar alisema sasa basi, wasichana wapya watapokelewa na chuo, si na yeye. Ufunguo utakuwa wa zamu, yeye wiki moja, Mirriam wiki moja. Na akiitwa kozi, atakwenda. Walilifanyia mazoezi jambo hilo mezani, mimi nikiwa baba. Nilikaza sauti nikamuuliza, "Na ukisafiri?" Alinijibu vizuri mara tatu, macho makavu.

Olow alikuja mwenyewe kumchukua Fowsiya, alasiri moja, juu ya lori la Mandera. Mzee mwembamba, ndevu nyekundu kwa hina. Alikitazama cheti cha binti yake akakigeuza nyuma, kama kuna kitu huko pia. Kisha akamwambia Habaryar, "Umetimiza." Alisema mara moja tu, lakini alisimama vizuri kabla ya kulisema.

Halafu aliita kwenye lori, akashuka msichana mwingine na sanduku la bati. Maka, mdogo wake Fowsiya. Alikuwa anaangalia madarasa, anaangalia wasichana waliokuwa wanafua, anaangalia kila kitu haraka haraka.

"Mzee Olow," Habaryar akaanza. "Tangu mwaka huu mtoto anapokelewa na chuo. Mkuu wa wanafunzi ni Madam Mirriam, huyu hapa. Ufunguo unakaa kwa zamu. Na mimi nikiitwa kozi nitakwenda."

Aliyasema yote, hakukosea hata moja.

Olow alisikiliza mpaka mwisho. Akamsalimia Mirriam kwa adabu, mkono kifuani. Kisha akamgeukia dereva wa lori.

"Usizime gari."

Hakuna aliyemwambia Maka kitu. Aliinama mwenyewe, akashika sanduku lake, akaanza kulirudisha kwenye lori. Halikuwa zito lakini alilibeba kwa mikono yote miwili.

"Liache chini," Habaryar akamwambia.

Maka akasimama. Habaryar hakumtazama Mirriam.

"Nimempokea," alimwambia Olow.

"Wewe?"

"Mimi."

Mirriam aligeuka akaenda kuwakemea wale waliokuwa wanafua, ambao hawakuwa wamefanya kosa. Fowsiya alipanda mbele, akatoa kichwa dirishani kama anataka kusema jambo, lori likaondoka na vumbi lake. Olow hakuuliza, "Na ukisafiri?" Siku hizi hakuna anayemuuliza.

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Habaryar alimwonyesha Maka kitanda kilicho karibu na dirisha, akamweleza maji yanatoka wapi na saa ngapi, kisha tukakaa kwenye ngazi ya bweni, kungoja kumi na mbili ifike.